Kitabu cha rekodi: kilitungwa kwa ajili ya wabishi wa baa, watoto wakakichukua

Mwezi wa kumi na moja 1951, huko Castlebridge nchini Ireland, Hugh Beaver, mkurugenzi wa kiwanda cha bia cha Guinness, alikwenda kuwinda na wenzake. Alilenga ndege, akamkosa. Ubishi ukazuka: kati ya ndege wanaowindwa Ulaya, ni yupi mwenye mbio kuliko wote? Walipekua vitabu, jibu hawakulipata. Beaver akawaza kwamba kila usiku watu wanabishana hivyo katika baa za Uingereza na Ireland, na hakuna wa kuwaamua.

Kazi ya kutafuta majibu walipewa Norris na Ross McWhirter, mapasa waliozaliwa 1925, waliokuwa na ofisi ya kukusanya habari na tarakimu jijini London. Aliyewapendekeza ni Chris Chataway, mwanariadha aliyekuwa mfanyakazi wa Guinness. Mwaka 1954 nakala 1000 za kwanza ziligawiwa bure. Tarehe 27 mwezi wa nane 1955 likatoka toleo la kurasa 198, na ilipofika Noeli hakuna kitabu kilichouzwa Uingereza kama hicho.

Wazee walikinunua ili kumaliza ubishi. Watoto walikisoma kwa sababu nyingine, na sababu hiyo inaonekana vizuri Oxford, tarehe 6 mwezi wa tano 1954. Siku hiyo Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari, alikimbia maili moja, yaani mita 1609, kwa dakika 3 na sekunde 59,4. Miaka mingi watu walisema mwili wa binadamu hauwezi kushuka chini ya dakika 4. Chataway yule yule alikuwa uwanjani akimvuta kwa mbio, na Norris ndiye aliyeshika mikrofoni. Alipotamka tu “tatu”, kelele za watu zikameza yaliyobaki. Siku 46 baadaye John Landy wa Australia akakimbia kwa muda mfupi zaidi.

Mtoto anaielewa hesabu hiyo haraka. Shujaa wa hadithi hapimiki. Rekodi ina saa, ina mita, na aliyeiweka ni mtu mwenye miguu miwili. Kuanzia 1972 televisheni ya BBC ilikuwa na kipindi cha rekodi ambamo watoto waliwauliza mapasa hao maswali papo hapo, nao wakajibu kwa kichwa. Ross aliuawa kwa risasi 1975. Norris akaendelea peke yake.

Mtoto wa Kongo akifungua vitabu vya namna hiyo, mara nyingi anakuta kwao mto wenye kina kupita yote duniani, wa mita zaidi ya 220, ao uji wa moto wa Nyiragongo wa 1977, ulioteremka kwa mbio kubwa na kuua watu. Hayo hakuna aliyeyafanyia mazoezi. Afadhali asimuliwe Ndaye Mulamba, aliyezaliwa 1948 Luluabourg, leo Kananga. Katika Kombe la Afrika la 1974 huko Misri alifunga mabao 9. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0. Yote manne ni yake. Alifariki Afrika Kusini mwezi wa kwanza 2019. Mabao 9 katika mashindano moja ya Kombe la Afrika, hakuna aliyeyafikia bado.