Fataki za Nagaoka na Kumbukumbu ya Waliolala

Kwetu fataki ni mambo ya mkesha wa mwaka mpya na ya harusi. Zikilipuka, watoto hushangilia, mbwa hubweka, na kukicha hakuna anayezikumbuka. Lakini huko Japani uko mji ambao kila mwaka hurusha fataki kwa ajili ya waliokufa. Mji huo ni Nagaoka, katika mkoa wa Niigata, nao umegawanywa na Mto Shinano, ulio mrefu kuliko mito yote ya nchi hiyo. Tumeona vema kuisimulia historia yake katika kitabu hiki, kwa sababu swali lililo ndani yake ni letu pia: Mkristo awakumbuke vipi waliokufa, hasa wale waliouawa kwa mkono wa watu wengine?

Kurusha fataki kando ya mto wakati wa kiangazi ni desturi ya zamani kwa Wajapani. Husimuliwa kwamba baada ya njaa kuu ya mwaka 1732, mtawala wa siku zile aliagiza sala kwa ajili ya waliokufa, na mwaka 1733 fataki zikarushwa juu ya Mto Sumida, katika mji ambao leo unaitwa Tokyo. Wanahistoria wa sasa wanalitilia shaka simulizi hilo, lakini watu wengi wanalishika. Tena mwezi wa Agosti ndio mwezi ambao familia nyingi za Japani huadhimisha Obon, sikukuu ya Kibudha ya kuwakumbuka wazee waliotangulia. Huko Nagaoka kwenyewe, fataki za kwanza zinazojulikana zilirushwa mwaka 1879, na wakati ule zilikuwa za kufurahisha watu tu.

Usiku wa tarehe 1 Agosti 1945 ulibadilisha maana yake. Saa nne na nusu usiku ndege 125 za Marekani aina ya B-29 zilifika juu ya mji na kuanza kumwaga mabomu ya moto. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Kwa muda wa saa moja na dakika arobaini moto ulishuka kutoka angani, na sehemu kubwa ya mji ikateketea. Watu walikimbilia Kaki, mto mdogo upitao katikati ya mji, wakitafuta maji, na wengi walifia humo humo, mama na watoto wao. Waliokufa kwa shambulio lile walikuwa zaidi ya 1,480. Majuma mawili baadaye, tarehe 15 Agosti, Japani ilitangaza kwamba imeshindwa.

Mwaka uliofuata, tarehe ile ile ya 1 Agosti, wenyeji waliobaki waliandaa sikukuu ya kuujenga mji upya. Mwaka 1947 fataki zikarudi. Tangu hapo tarehe 1 Agosti ni siku ya maombolezo, na tarehe 2 na 3 ni siku za fataki. Miji mingine huchagua Jumamosi ili kupata wageni wengi. Nagaoka haihamishi tarehe zake, hata ziangukie katikati ya juma, kwa kuwa siku ya msiba haihami.

Tulipofika huko tulikuta joto kali na umati wa watu. Kingo zote mbili za mto zilikuwa zimetandikwa maturubai, familia zimekaa juu yake na vyakula vyao, wazee wakijipepea, vijana wamevaa yukata, vazi jepesi la pamba la wakati wa kiangazi. Kwa macho ya mgeni ilikuwa sherehe kama sherehe nyingine. Lakini jioni ya tarehe 1 watu walikuwa wameshuka kwenye Mto Kaki na kuziachia taa za karatasi zielee majini, pale pale walipofia jamaa zao. Ilipotimia saa nne na nusu usiku, saa ile ile ya mabomu, zilirushwa fataki tatu tu, nyeupe, moja baada ya nyingine. Kila moja ilifunguka kama ua, ikafifia polepole, na kengele za mahekalu zikasikika. Hakuna aliyepiga makofi.

Ua hilo jeupe huitwa Shiragiku, yaani krisanthemamu nyeupe, ua ambalo Wajapani hulipeleka msibani. Aliyelitengeneza ni Seiji Kase, fundi wa fataki wa Nagaoka. Katika vita alikuwa askari, na vita vilipokwisha Warusi walimchukua mateka, akafanyishwa kazi Siberia. Wenzake wengi hawakurudi. Mwaka 1990 alikwenda Khabarovsk, na juu ya Mto Amur, katika nchi iliyomtesa, akarusha fataki nyeupe kwa ajili yao. Mzee huyu hakuwa mhubiri, lakini alichokifanya kinatuhubiria. Baruti ni ile ile iliyoua. Nabii Isaya, katika sura ya pili, aliona siku ambayo silaha zitafuliwa upya ziwe vyombo vya kulimia. Mikononi mwa Kase tuliona mfano mdogo wa jambo hilo.

Hata hivyo, kumbukumbu ina hatari yake. Mtu anaweza kuyalilia makaburi ya kwao na kuyasahau yale ambayo kwao wameyasababisha. Nagaoka ndiko alikozaliwa Admirali Isoroku Yamamoto, aliyepanga shambulio la Pearl Harbor, huko Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941, ambako Wamarekani zaidi ya 2,400 waliuawa. Mji ungeweza kulinyamazia jambo hilo na kujitaja kama aliyeonewa tu. Badala yake, mwaka 2012 Nagaoka na Honolulu, mji mkuu wa Hawaii, zilifanya udugu wa miji. Mwezi wa Agosti 2015, vita vilipotimiza miaka 70 tangu kwisha, Shiragiku ilirushwa juu ya maji ya Pearl Harbor. Waliowalilia wafu wao wakawalilia na wafu wa adui yao wa zamani.

Vita vile havikutuacha nasi. Mwaka 1944 vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa, walioandikishwa katika jeshi la Keya na kuwekwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw, huko Bama, katikati ya mvua, matope na malaria, hadi wakauvuka Mto Chindwin mwezi wa Desemba. Hakuna Mjapani aliyekuwa amewakosea babu zetu shamba wala ng'ombe, wala babu zetu hawakuwa na kesi na mkulima wa Niigata. Wengine walizikwa huko huko, na nyumbani mama zao walipata habari tu, bila kaburi la kulifukia. Tulipokuwa tumesimama kando ya Shinano tuliwawaza na hao. Je, ni sharika ngapi kwetu zinazoyajua majina yao?

Hapa tuseme wazi tunaloamini. Sisi hatuwatafuti wafu, hatuwalishi, wala hatufikiri kwamba taa au fataki huwaongoza njia. Waliolala katika Bwana wamo mikononi mwake, nao hawahitaji tuwakamilishie kitu ambacho Kristo amekwisha kukikamilisha. Lakini wapo miongoni mwetu ambao, kwa kuogopa mila, wameacha hata kuwataja waliokufa. Hilo si fundisho la Kilutheri. Mwaka 1816, vita vya Napoleon vikiwa vimekwisha karibuni, Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliagiza Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa iwe ya kuwakumbuka waliokufa, na desturi hiyo ipo kwa Walutheri wa Ujerumani mpaka leo. Na kabla ya hayo yote, katika Yoshua sura ya nne, Waisraeli waliamriwa wachukue mawe kumi na mawili katikati ya Yordani na kuyasimamisha, ili siku moja watoto wao waulize maana yake. Kumbukumbu ya watu wa Mungu ilianzia mtoni, nayo ilikusudiwa kuwafanya watoto waulize.

Watoto wa Nagaoka nao huuliza. Tarehe 23 Oktoba 2004 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga sehemu hiyo. Mwaka 2005, kwa michango ya watu, zikaongezwa fataki ziitwazo Feniksi, zinazorushwa kwa wakati mmoja kwenye urefu wa kilomita mbili hivi za mto, kuwatia moyo walioachwa bila makao. Hivyo mji uliojifunza kulia ulijua pia namna ya kuinuana.

Basi, wapendwa, Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa itakapofika, tuyasome majina. Tuwasome wazee wetu wa usharika, watoto tuliowazika mapema, na wale wa Bama ambao ukoo bado unawataja. Na kama kuna ukoo au kabila ambalo watu wetu waliwahi kulimwagia damu, tuwe na ujasiri wa kuwataja na wafu wao mbele za Mungu, kwa toba. Mtoto akiuliza kwa nini tunawataja watu wasio wetu, tumjibu kwamba Kristo alikufa na kufufuka kwa ajili yao pia.