Ngoma ya Gishora na boksi la sabufa

Hapa kambini Kinama, Muyinga, kikundi chetu cha vijana kilipata sabufa ya gari ya inchi 12, imetolewa kwenye gari lililokufa. Spika tupu, bila boksi. Wavulana wakasema boksi dogo ndilo linapiga sana, tena mbao zitabaki. Tukatengeneza la lita 20. Siku ya kulijaribu likanguruma kama lori kwenye daraja la mbao. Kila besi ilikuwa sauti ile ile moja, na mzee jirani akatuuliza kama tunataka ahame. Na pesa ya mchango ilikuwa imekwisha.

Nikakumbuka Gishora, karibu na Gitega, tulikowahi kwenda na karatasi za ruhusa mkononi. Katika karne ya 19 mwami Mwezi Gisabo alijenga pale makao ya ngoma baada ya kumshinda Ntibirangwa, chifu aliyemwasi. Ngoma mbili za heshima zinaitwa Ruciteme na Murimirwa. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na pia ni ufalme. Ufalme uliondolewa 1966, ngoma zikabaki, na mwaka 2014 UNESCO ikaziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Ngoma hizo huchongwa kwenye gogo la umuvugangoma, mti unaoifanya ngoma ivume. Ngozi ya ng'ombe peke yake haisemi kitu. Tumbo la gogo, na hewa iliyo ndani yake, ndivyo vinavyoipa uzito.

Mafundi wa spika walifika hapo hapo kwa njia nyingine. Zamani boksi la besi nzuri lilikuwa kubwa kama kabati. Mwaka 1954, huko Marekani, Edgar Villchur na Henry Kloss walitoa AR-1, boksi dogo lililozibwa kabisa, ambamo hewa ya ndani inakuwa springi ya kuirudisha spika. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia, na baadaye Richard Small katika miaka ya 1970, waliiweka kazi hiyo kwenye hesabu. Ndiyo maana karatasi ya spika ina namba kama Fs, Vas na Qts.

Kwa boksi lililozibwa, hesabu ni hii. Gawanya 0.707 kwa Qts. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha toa 1. Halafu gawanya Vas kwa kilichobaki. Spika yetu ina Qts 0.5 na Vas lita 60: 1.41, halafu 2, inabaki 1. Basi ni lita 60! Sisi tulikuwa tumeipa theluthi tu. Spika hii ikiwa huru hutetemeka yenyewe mara 30 kwa sekunde. Ndani ya lita 60 ingefika 42, lakini kwenye lita 20 tuliisukuma hadi 60, na hapo ndipo inaponguruma.

Vipimo ni vya ndani, siyo vya nje: 50 kwa 40 kwa 31, yaani lita 62, kwa sababu mwili wa spika nao unakula kama lita mbili.

Hesabu hii aliifanya msichana wa kikundi chetu, mwanafunzi wa sekondari. Gishora alikuwa nasi. Tangu Oktoba 2017 amri ya rais inakataza wanawake kupiga ngoma, kwa hiyo alisimama pembeni akatazama. Kwenye sabufa hakuna amri, ila wavulana walikuwa wamemwambia ashike tochi. Siku hizi anashika mita, na msumeno haugusi ubao kabla hajapima.

Boksi la zamani tumelibomoa, vipande tunavitumia tena. Tunakosa ubao mmoja wa nyuma, angalau sentimita 54 kwa 44, kwa sababu mbao zetu zina unene wa karibu sentimita 2. Mwenye nao atuletee. Amuulize yeye.