Jeanne d'Arc kwenye ngome ya Les Tourelles, 7 Mei 1429

Hapa, kusini mwa mto Loire, ndipo iliposimama ngome iliyolinda daraja la kuingilia Orléans. Waingereza waliiteka Oktoba 1428 na kuuzingira mji hadi Mei.

Jeanne, binti wa mkulima kutoka kijiji cha Domrémy, alikuwa na umri wa miaka kama 17. Hakujua kusoma. Alisema sauti za watakatifu zilimtuma, na kabla ya vita aliwataka askari waungame dhambi na waache matusi.

Siku ya shambulio, mshale ulimchoma kati ya shingo na bega. Alilia, na nani asingelia? Jeraha likapakwa mafuta ya zeituni, akarudi vitani. Jioni Dunois, aliyeongoza ulinzi wa mji, alitaka kurudisha jeshi ng'ambo ya mto. Jeanne akamsihi asubiri. Akapanda farasi, akaenda peke yake kwenye shamba la mizabibu kusali kwa dakika chache, kisha akaja kusimama na bendera yake ukingoni mwa handaki. Askari waliochoka wakashambulia upya. Usiku ngome ilikuwa yao. Asubuhi ya 8 Mei Waingereza wakaondoka.

Jeanne alihukumiwa na kuchomwa moto Rouen mwaka 1431. Habari za shamba la mizabibu alizisimulia Dunois mwenyewe, kesi yake ilipofunguliwa upya na hukumu ikabatilishwa mwaka 1456.