Chuma na Mwanafunzi Wake katika Rungwe

Nchi ya Rungwe ina udongo wa volkano, mvua nyingi na migomba isiyokauka, lakini mkulima wake wa zamani alikuwa na haja moja ambayo shamba halikuweza kuitimiza. Jembe lake lilitoka mlimani. Upande wa mashariki, katika milima ya Livingstone, Wakinga walichoma mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe na mikuki, kisha wakateremka navyo kwa Wanyakyusa kuvibadili kwa chakula.

Chuma cha tanuri lile hakikuwa maji. Moto wa makaa hufika kadiri ya nyuzi 1,200, na chuma hakiyeyuki mpaka nyuzi 1,538. Kilichotoka kilikuwa donge lililochanganyika na mavi ya chuma, nalo lilipigwa kwa nyundo lingali jekundu hata takataka zikaruka. Vipande viwili viliungwa kwa njia iyo hiyo ya moto na kipigo. Basi huyo ndiye babu wa mchomeleaji wa leo, ijapokuwa mjukuu hushika kijiti cha umeme ambacho mwali wake huyeyusha chuma kwa nukta chache. Lakini katika jamii nyingi za Afrika Mashariki uhunzi ulifundishwa ndani ya ukoo, na siri zake hazikutolewa ovyo. Mnunuzi wa bondeni alipata jembe, hakupata elimu ya jembe.

Ukoloni haukuiondoa hali hiyo. Uliigeuza sura tu. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Wajerumani wakaifanya Tukuyu makao ya utawala, wakaiita Neu-Langenburg. Majengo mapya yalitaka waashi na maseremala, na vijana walijifunza kazi hizo. Chuma, kwa upande wake, kilikuja kimekwisha tengenezwa: misumari, mabati, na mwishowe majembe ya viwanda vya Ulaya, yaliyokuwa rahisi kuliko ya mhunzi. Matanuri ya Ukinga yakapoa. Jembe likawa limetoka mbali zaidi, na aliyelitumia akawa mbali zaidi na elimu yake.

Chini ya Waingereza, vijana wengi wa Rungwe waliifuata elimu hiyo mbali, ingawa nia yao ilikuwa fedha. Walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na kwenye migodi ya Afrika Kusini. Kijana aliyekuwa hodari wa kutazama aliweza kuokota mengi kando ya fundi, lakini hakupewa hati ya kuonyesha alichojua. Uandikishaji wa kwenda Afrika Kusini ulikomeshwa na serikali baada ya uhuru wa 1961, na swali likabaki nyumbani: fundi atafundishwa wapi?

Jibu moja lilitoka mahali pasipotarajiwa. Nchini Denmark, mawazo ya kasisi N. F. S. Grundtvig yalizaa mwaka 1844 chuo cha watu wazima wa mashambani huko Rødding, ambamo mkulima alisoma pasipo kuhofia mtihani. Sweden iliufuata mfano huo tangu 1868. Tanzania, iliyokuwa imetangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, iliuona mfano huo kuwa jamaa yake, na kwa msaada wa Sweden ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kuanzia mwaka 1975. Vikafika zaidi ya 50. Rungwe ilipata chake Katumba, karibu na Tukuyu.

Nia ya kwanza ya vyuo hivi yafaa kukumbukwa, kwa maana ilikuwa ya ajabu. Mwanafunzi alikuwa mtu mzima aliyechaguliwa na kijiji chake. Alijifunza uashi, useremala, ufundi wa vyuma, kilimo au ushonaji, kisha akarudi kwa wale waliomtuma. Elimu ilikuwa deni la kijiji. Lakini kijiji kilichomtuma fundi hakikuwa na karakana ya kumpokea. Seremala aweza kuanza na msumeno na randa. Mchomeleaji hana kazi pasipo mashine na umeme, na umeme wa vijijini ulikuwa adimu mpaka Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007. Hapo ndipo mpango ulipopungukiwa, wala kosa si la mwanafunzi.

Msaada wa Sweden ulipokoma katika miaka ya 1990, na sheria ya 1994 ilipoanzisha VETA, vyuo vilianza kubadilika. Mwanafunzi akawa kijana aliyemaliza shule, aliyeletwa na mzazi kwa ada, mwenye kutafuta cheti cha ufundi kinachotambuliwa nchi nzima. Cheti kina manufaa makubwa. Chaweza kumfikisha kijana wa Rungwe kwenye kiwanda cha chai au mgodi wa Geita. Lakini chamwondoa pia. Deni la kijiji limekuwa deni la nyumba moja, na aghalabu hulipwa mjini. Mwaka 2017 vyuo vilirudishwa chini ya wizara ya elimu, ambayo ilikuwa mlezi wao wa kwanza, nayo nia ya kale haikurudi pamoja navyo.

Wakati huo huo, kando ya barabara ya Tukuyu, fundi asiyepita chuo chochote huunga mageti na nondo za madirisha huku mwanagenzi wake akishikilia kipande na kugeuza uso usikutane na mwali, mara nyingi bila ngao. VETA imeweka utaratibu wa kuwapima mafundi wa namna hii na kuwapa cheti kwa ujuzi walioupata kazini. Mpimaji humtazama fundi akiunga, hukigonga kiungo kwa nyundo ili magamba yapukutike, kisha hukichungua kama kimeshika mpaka ndani.