Kampuni: neno la kula mkate pamoja

Ukiwa Kericho ukisema "kampuni", kila mtu anajua unamaanisha nini: mashamba makubwa ya chai, lile geti, zile nyumba za wafanyakazi zilizojipanga mistari. Lakini hebu cheki neno lenyewe lilikotoka. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni Kilatini: com ni pamoja, panis ni mkate. Yaani mwenzako ni yule mnayekula naye mkate mmoja.

Sasa, miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaanza kupanda chai huku, kwenye ardhi ambayo serikali ya mkoloni ilikuwa imewanyang'anya Wakipsigis. Mkate ukaliwa, ila si pamoja. Mwaka wa 1934 ikapitishwa sheria ya kuwafukuza Watalai, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria.

Na si eti hatukuwa na neno letu. Wakipsigis wana kokwet: majirani wanaokaa chini na wazee kuamua kesi za mipaka na ng'ombe. Huko hununui hisa. Unaingia kwa sababu ni jirani.

Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa Kericho, wengi waliona fujo tu. Kuchoma siungi mkono. Lakini swali ni lile lile la zamani: mashine ikichukua kazi, nani bado anakula? Usiniite familia kama mkate hunigawii.