Nani Aruhusiwe Kupasua Uso?

Juma hili tuzungumzie kisu kinachogusa uso wa mtu, na hasa mkono unaokishika.

Huku Tarime na Serengeti habari hiyo si ngeni. Wazee wa Kikurya walitoboa ndewe za masikio wakazivuta hadi zikaning'inia. Huo nao ulikuwa upasuaji wa urembo, hata kama hapakuwa na aliyeuita hivyo. Lakini mabingwa hasa walikuwa wa fuvu. Wakurya, na jirani zao Wakisii wa Kenya, walikuwa na mafundi waliofungua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa mtu aliyepigwa rungu, maumivu yakakataa kumwacha. Kwa Wakisii fundi huyo ni omobari. Cheti hakuwa nacho. Alimfuata mzee, mara nyingi wa ukoo wake, akatazama na kusaidia muda mrefu kabla ya kukabidhiwa kisu. (Ngariba simwingizi humu. Kazi yake si tiba, na kuwakeketa wasichana sheria ya 1998 imekataza.)

Swali la nani amefunzwa vya kutosha liliwasumbua Wazungu pia, katika Vita Kuu ya Kwanza. Askari walitolewa mahandakini Ufaransa wakiwa hawana taya wala pua, na waliozijua taya walikuwa madaktari wa meno. Charles Valadier, aliyewatibu Waingereza huko Boulogne, hakuruhusiwa kupasua bila daktari wa tiba kusimama karibu. Harold Gillies alisimama, akatazama, akatoka hapo na fani iliyompa jina duniani. Mwenzao Varaztad Kazanjian, daktari wa meno kutoka Harvard, alisifiwa kama mtenda miujiza. Hata hivyo aliporudi Marekani alikaa tena darasani na vijana, akahitimu udaktari mwaka 1921. Mimi huyo namvulia kofia kuliko wote.

Elimu hiyo ilitufikia. Archibald McIndoe, binamu wa Gillies aliyefunzwa naye, alikutana chini ya Kilimanjaro mwaka 1956 na wapasuaji Michael Wood na Tom Rees, na mwaka uliofuata wakaanzisha huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki.

Mpaka leo nchi hazijakubaliana. Uingereza humtaka mpasuaji wa taya na uso awe na shahada mbili, ya meno na ya tiba. Marekani yatosha ya meno na miaka minne ya mafunzo hospitalini, ingawa wengine husoma sita wapate na ya tiba. Ndiyo maana huko ugomvi wa nani arekebishe pua za warembo hauishi. Kwetu ni miaka mitano ya shahada ya meno, mmoja wa mazoezi, kisha shahada ya uzamili ya upasuaji wa kinywa na uso. Sheria ya 2017 inamtaka daktari wa meno asajiliwe na Baraza. Wewe wa mjini unayetaka kurembeshwa uso, muulize mwenye sindano usajili wake kabla hujakaa kitini. Si utovu wa adabu.

Wa Mugumu aliyevunjwa taya hana anasa ya kuchagua. Hupewa barua, akapanda gari kwenda Bugando, Mwanza, uso umefungwa kitambaa.