Ndugu wa jimbi aliyetoka mwambani na kuingia sebuleni

MGENI anayezuru magofu ya Gede, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, huinua macho kutazama msikiti mkuu, kasri na mibuyu. Ni nadra atazame chini, penye mawe ya matumbawe na majani makavu. Ilhali misitu ya mwambao yenye ardhi ya namna hiyo ndiyo makao ya asili ya mmea ambao wakazi wengi wa mijini huununua wakidhani umetoka ng'ambo.

Mmea wenyewe ni Zamioculcas zamiifolia, ambao wauza maua huufupisha kwa herufi mbili tu, ZZ. Humea wenyewe kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, nao ni wa ukoo mmoja na jimbi, lile ambalo wenzetu wa bara huliita nduma.

Undugu huo hauonekani majanini. Jimbi lina jani moja pana mfano wa ngao. Huyu ana majani madogo manene, yanayong'aa, yaliyopangwa pande mbili za bua. Ushahidi umo katika ua: kigunzi kilichojaa maua madogo sana, kikikumbatiwa na jani moja. Hata jina limebeba nasaba hiyo, kwani "culcas" latokana na neno la Kiarabu la jimbi.

Ajabu yake ni ustahimilivu. Chini ya ardhi mna kiazi, na tako la bua limevimba kwa maji. Ukame ukizidi, mmea hudondosha majani yake na kungoja mvua. Jani dogo lililoanguka penye unyevu huweza kutoa mizizi na kiazi kipya, ingawa polepole mno.

Wataalamu wa Ulaya waliuandika mmea huu mwaka wa 1829, lakini ni katikati ya miaka ya 1990 tu ambapo wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi. Tangu hapo umeenea maofisini na sebuleni kote duniani.

Huko ulikotoka, misitu ya mwambao imebaki vipande vipande kwa sababu ya mashamba, kuni na uchimbaji wa mawe ya kujengea. Kipande cha Gede kilinusurika kwa kuwa magofu yalitangazwa kuwa turathi mwaka wa 1927. Mwaka wa 2024 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo ulioko hapo hapo umewawezesha wakulima jirani kupata fedha kutokana na msitu ulio hai. Hivyo anayetaka kuotesha ZZ hana haja ya kung'oa chochote msituni: jani moja la mmea wa jirani latosha.

Tahadhari moja. Mimea ya ukoo huu ina fuwele zenye ncha kama sindano, ziwashazo mdomo na koo. Jimbi huliwa baada ya kupikwa likaiva kabisa. ZZ si chakula, na watoto wasiachwe wautafune.